Ngamia, Punda na Kuku: Mifupa ya Kale Yasimulia Safari za Mifugo Yetu

Leo tunakuleteeni mazungumzo kutoka Mutrah, pembeni mwa jiji la Muscat, nchini Oman, mahali ilipo Bandari ya Sultan Qaboos. Wengi wenu mnaijua bandari hii kwa jina, na baadhi yenu mmeshuka au mmepokea jamaa hapa. Ilifunguliwa mwaka 1974, na kwa muda wa miaka 40 ndiyo iliyokuwa lango kuu la bidhaa zilizoingia Oman, hadi mwishoni mwa mwezi Agosti 2014, shughuli za shehena zilipohamishiwa Sohar. Tangu wakati huo gati zake hupokea zaidi meli za watalii. Hata hivyo barabara ya ufukweni haijabadilika sana. Jioni upepo unapoanza kuvuma, si ajabu kumsikia mzee mwenye kanzu na kofia akimwita mwenziwe kwa Kiswahili cha Unguja, na mwenziwe akamjibu kwa lafudhi ya Pemba.

Wazee hao ukiwauliza asili ya watu, kila mmoja ana nasaba yake mkononi, babu kwa babu. Mimi nimekuja na swali la wanyama. Je, ngamia alifugwa na nani kwanza? Punda alitoka wapi? Na kuku tunayemla Mombasa, Zanzibar na hapa Mutrah, alivuka bahari hii lini, na katika chombo cha nani? Maswali haya kwa miaka mingi yalijibiwa kwa kukisia. Siku hizi yanajibiwa, walau kwa sehemu, kwa kusoma chembechembe za urithi, yaani DNA, zilizobakia ndani ya mifupa ya wanyama waliokufa maelfu ya miaka iliyopita.

Ni vyema tueleze kwanza namna kazi hii inavyofanyika. DNA ni maandishi marefu mno yaliyomo ndani ya kila chembe hai, nayo huandikwa kwa herufi nne tu. Kiumbe anapokufa maandishi hayo huanza kukatikakatika. Mwaka 1984, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walifanikiwa kusoma vipande vichache vya DNA ya kwaga, mnyama wa Afrika Kusini wa jamii ya punda milia aliyetoweka katika karne ya 19, kutoka katika ngozi kavu iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho. Huo ndio ulikuwa mwanzo. Mwaka 2022 mmoja wa waasisi wa elimu hii, Svante Pääbo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti wake juu ya binadamu wa kale.

Adui mkubwa wa DNA ni joto. Mfupa uliolala katika barafu ya Siberia unaweza kutunza maandishi yake kwa mamia ya maelfu ya miaka, lakini mfupa uliolala katika mchanga wa Oman au katika udongo wenye unyevunyevu wa pwani ya Tanzania huyapoteza upesi. Ndiyo maana historia za mwanzo kuandikwa kwa njia hii zilikuwa za nchi za baridi, nasi wa nchi za jua tukasubiri. Kilichosaidia ni kugundulika kwamba mfupa mgumu wa fuvu, ule unaozunguka sikio la ndani, hutunza DNA vizuri kuliko mifupa mingine, na pia kuja kwa mitambo inayoweza kusoma vipande vidogo sana kwa mamilioni.

Kuna tatizo jingine ambalo pengine litakuchekesheni. Anayechunguza mifugo ya kale huzungukwa na mifugo ya leo. Mwaka 2007 kundi la watafiti lilitoa onyo kwamba hata kemikali zinazotumika maabara huwa zimechafuliwa na DNA ya ng'ombe, nguruwe na kuku. Mtu anaweza kudhani amepata kuku wa kale, kumbe ni kuku wa juzi. Kwa sababu hiyo kazi hufanyika katika vyumba maalumu, watu wakiwa wamejifunika kutoka utosini hadi unyayoni, na majibu hurudiwa tena na tena kabla ya kutangazwa.

Sasa tuanze na mnyama wa hapa hapa. Katika milima iliyo nyuma ya Muscat anaishi mnyama pori afananaye na mbuzi, mwenye manyoya marefu na pembe zilizopinda, anayejulikana kwa jina la tahri wa Uarabuni. Jina lake la kisayansi linamkumbuka Dakta Jayakar, tabibu wa Kihindi aliyefanya kazi Muscat katika karne ya 19. Mtu akimtazama hudhani kwamba huyu ndiye babu wa mbuzi wanaouzwa kila Ijumaa katika soko la Nizwa. Sivyo. Uchunguzi wa DNA uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba tahri huyu yuko karibu zaidi na kondoo kuliko mbuzi. Mbuzi wetu asili yake ni kaskazini zaidi, Iran na nchi jirani. Mifupa ya Ganj Dareh, katika milima ya Zagros, inaonyesha kwamba mbuzi walikwishaanza kuchungwa huko kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Walipofika Oman walikuwa tayari wamefugwa. Katika rasi ya Ras al-Hamra, ambayo leo imo ndani ya jiji la Muscat, si mbali na bandari tunayoizungumzia, wanaakiolojia walifukua makazi ya wavuvi walioishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Walikula samaki na kasa, lakini walikuwa pia na mbuzi, kondoo na ng'ombe.

Ngamia ni habari nyingine kabisa, kwani huyu ndiye mnyama ambaye Bara Arabu linaweza kusimama na kudai kuwa ni wake.

Kwa muda mrefu wanachuoni walibishana juu ya mahali ngamia wa nundu moja alipofugwa mara ya kwanza. Richard Bulliet, mwanahistoria wa Kimarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngamia na gurudumu, alielekeza kidole kusini mwa Bara Arabu. Wengine walitaja sehemu nyingine. Tabu ilikuwa kwamba ngamia mwitu wa nundu moja ametoweka kabisa duniani. Wale wanaozurura porini Australia ni wajukuu wa ngamia waliofugwa, waliopelekwa huko kwa meli katika karne ya 19 kisha wakaachiwa. Basi utamlinganisha ngamia wa leo na nani?

Mifupa ilikuwepo, ila iliwekwa kwenye maboksi. Huko Baynunah, katika jangwa la Abu Dhabi, kumepatikana mabaki ya ngamia wengi mwitu waliowindwa kiasi cha miaka 6,500 iliyopita. Huko Al Sufouh, mahali ambapo leo pamezungukwa na majumba marefu ya Dubai, wawindaji wa Zama za Shaba Nyeusi walichinja ngamia mwitu kwa wingi. Katika kisiwa cha Umm an-Nar kuna kaburi la kale lililochongwa sura ya ngamia kwenye jiwe lake. Wataalamu wa mifupa, hasa Hans-Peter Uerpmann na Margarethe Uerpmann, waliona kwamba mwishoni mwa milenia ya pili Kabla ya Kuzaliwa Kristo, katika maeneo kama Tell Abraq, mifupa mikubwa ya ngamia mwitu inaanza kuchukuliwa nafasi na mifupa midogo zaidi. Kupungua umbo ni dalili ya kawaida ya mnyama aliyeanza kufugwa. Lakini dalili si ushahidi kamili.

Mwezi Mei 2016, katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, kulichapishwa utafiti uliounganisha mambo hayo mawili. Faisal Almathen wa Saudi Arabia, Pamela Burger wa Vienna, Olivier Hanotte na wenzao walichunguza ngamia 1,083 wa siku hizi kutoka sehemu mbalimbali za dunia, kisha wakawalinganisha na DNA waliyoitoa kwa taabu katika mifupa ya kale, ikiwemo ya ngamia mwitu wa pwani ya kusini-mashariki ya Bara Arabu.

Jambo la kwanza lililowashangaza ni kwamba ngamia wa leo wanafanana mno. Ngamia wa nchi moja na wa nchi nyingine iliyo mbali nayo hawatofautiani kama ambavyo mtu angetarajia. Sababu yake ni misafara. Kwa karne nyingi ngamia ndiye aliyekuwa gari la mizigo. Alitoka Hijazi akauzwa Shamu, akazalisha Misri, akafia Maghrib. Damu zikachanganyika hata alama za mahali zikafutika. Mtu angesoma DNA ya ngamia wa leo peke yake asingejua walianzia wapi. Ni mifupa ya kale iliyotoa jawabu: ngamia waliofugwa mwanzo walikuwa na uhusiano na ngamia mwitu wa kusini-mashariki ya Bara Arabu, na baada ya kufugwa huko, wafugaji waliendelea kuongeza katika makundi yao ngamia walionaswa porini, mpaka wale wa porini walipokwisha. Nalipenda sana jibu hili kwa sababu linafanana na mambo ya wafugaji tunaowajua. Hakuna siku moja ambapo mtu mmoja aliamka na kumfuga ngamia. Kuliwindwa, kukakamatwa, kukapotea, kukakamatwa tena, kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo, wasikilizaji, utafiti huo ulikuta kundi moja la ngamia lililojitenga na mengine, nalo ni la Afrika Mashariki. Ngamia wa upande wetu hawakuingia sana katika mchanganyiko wa misafara. Watafiti waliitaja sababu ya jiografia, na pia sababu ya utamaduni. Msomali, Mrendile na Mgabra humthamini ngamia kwanza kwa maziwa yake, naye humtunza ndani ya jamaa na ukoo. Si chombo cha kukodisha kutoka mji hadi mji. Matokeo yake ni kwamba ngamia jike anayekamuliwa leo Marsabit anabeba urithi ambao haupatikani kwa wingi kwingineko.

Msikilizaji anaweza kuuliza, na hilo linatuhusu nini? Kati ya mwaka 2020 na 2022 Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Nchini Kenya peke yake mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa, wengi wao wakiwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Aliyebaki amesimama mara nyingi alikuwa ngamia. Serikali ya kaunti ya Samburu imekuwa ikiwagawia wafugaji ngamia tangu mwaka 2015, na wapo wazee wa Kisamburu, watu wa ng'ombe tangu enzi za mababu, ambao sasa wanajifunza kumkamua mnyama waliyekuwa wakimwona wa majirani zao. Hapa ndipo elimu ya mifupa inapokuwa elimu ya chakula. Ukitaka kuzalisha ngamia wa maziwa, ni lazima ujue una ngamia wa aina gani, na usiwamalize kwa kuwachanganya ovyo na madume ya kutoka nje kabla hujajua ulichokuwa nacho. Ngamia mwitu alikwisha bila mtu kuandika kitu.

Tumwache ngamia, tuje kwa punda, ambaye yeye alisafiri kinyume. Mwezi Septemba 2022, Ludovic Orlando wa Toulouse, nchini Ufaransa, na wenziwe walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa punda 207 wa siku hizi pamoja na 31 wa kale. Walihitimisha kwamba punda wote duniani wametokana na tukio moja la ufugaji, lililotokea Afrika Mashariki, katika eneo la Kenya na Pembe ya Afrika, kiasi cha miaka 7,000 iliyopita, wakati Sahara ilipokuwa ikikauka na watu wakihitaji mnyama wa kubeba mizigo mbali zaidi. Kutoka hapo akaenda Sudan na Misri, na miaka ipatayo 4,500 iliyopita akatoka Afrika kuingia Asia na Ulaya.

Kwa maneno mengine, punda aliyepanda njia za mawe za milima ya Oman akiwa na magunia ya tende mgongoni ana asili ya kwetu, sawa na wazee wa Mutrah wanaokumbuka Zanzibar. Na punda wa Lamu, ambaye watalii humpiga picha kama kitu cha Kiarabu, yuko nyumbani kwao. Mnyama huyu aliyetoka Afrika ndiye anayechinjwa Afrika kwa ajili ya ngozi yake, inayochemshwa na kutengenezwa dawa ya kienyeji nchini China. Biashara hiyo ilipunguza punda kwa kasi hata Umoja wa Afrika, mwezi Februari 2024, ukaamua kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Mama wa kijijini anayechota maji kwa punda hakuhitaji DNA kumweleza thamani ya mnyama wake.

Kuhusu paka nitasema kwa ufupi tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliikuta nasaba ya paka wa Misri katika mfupa wa karne ya 8 kutoka Siraf, bandari ya kale ya Uajemi ambayo vyombo vyake vilifika hadi China na Afrika Mashariki. Mabaharia waliwapakia paka kwa sababu ya panya.

Na panya ndiye anayetuleta kwenye kuku, na kwenye ubishi mkubwa uliopata kutokea juu ya visiwa vyetu. Kuku asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Panya mweusi naye ametoka Asia. Basi ukiwapata katika tabaka za kale za udongo wa Afrika, umepata ushahidi wa safari ya baharini. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefukua mapango ya Machaga na Kuumbi, kisiwani Unguja, alieleza kwamba alipata humo mifupa ya kuku na ya mifugo mingine katika tabaka za kale sana, hata kufikia miaka 3000 Kabla ya Kuzaliwa Kristo. Kama ni hivyo, watu wa pwani walikuwa wakiwasiliana na Asia maelfu ya miaka kabla ya misikiti ya kwanza.

Mwaka 2017 Mary Prendergast na wenzake walichapisha matokeo ya kupima upya mifupa kutoka maeneo 22 ya Afrika Mashariki. Walitumia DNA, wakatumia pia protini ya kolajeni ambayo huvumilia joto kuliko DNA, na wakapima umri wa mifupa yenyewe badala ya kupima makaa yaliyokuwa karibu nayo. Ugumu ni huu: mfupa wa kuku na mfupa wa kanga au kwale hufanana mno, na Unguja kanga na kwale ni ndege wa kuliwa tangu zamani. Panya naye huchimba. Aliyekufa juzi anaweza kuonekana katika tabaka la miaka elfu. Walipomaliza, hawakupata kuku wala panya wa Asia aliyethibitika kabla ya katikati ya milenia ya kwanza ya zama zetu. Tarehe hizo zinakubaliana na kuinuka kwa miji kama Unguja Ukuu, uliokuwa na biashara na Ghuba tangu karne ya 7.

Yapo masikitiko katika jibu hilo, nami nayaelewa. Profesa Chami alikuwa akipambana na fikra za zamani zilizosema kwamba pwani ya Afrika ilikaa kimya ikisubiri wageni. Lakini naona kuku kuja karne ya 7 hakumnyang'anyi Mswahili kitu. Mwaka 2010, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja, kilisafiri kutoka Muscat hadi Singapore. Kiliitwa Johari ya Muscat, nacho kiliundwa kwa kufuata mfano wa chombo cha karne ya 9. Waswahili nao walishona mitepe yao kwa ufundi huo huo. Kuku alipovuka, alivuka katika bahari iliyokuwa na mabaharia pande zote mbili, na mfupa hausemi kabila la nahodha.

Kuna jambo ambalo mfupa nao hausemi, nalo ni nani mwenyewe. Ili kusoma DNA ni lazima kipande cha mfupa kisagwe kiwe unga, na kilichosagwa hakirudi. Maabara nyingi kubwa za kazi hii ziko Ulaya na Marekani. Mifupa hutoka Kenya, Tanzania na nchi za Ghuba, husafiri kwenye vikasha, na habari yake hurudi miaka kadhaa baadaye kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mwalimu wa sekondari Kilifi hana uwezo wa kuyalipia. Haitoshi kuweka jina la mtafiti mmoja mwenyeji katikati ya orodha ya majina 40. Vijana wetu wafunzwe kuisoma DNA hiyo wenyewe, na nusu ya kila mfupa ibaki makumbusho ya nyumbani kwa ajili ya mitambo bora itakayokuja.

Na kwa wale mnaoishi karibu na magofu, iwe Unguja Ukuu, Kilwa, Gedi, au huku Qalhat: mkichimba kisima au msingi wa nyumba mkakuta mifupa ya kale, msiioshe kwa maji wala kuianika juani, kwa kuwa maji na jua ndivyo vinavyoiharibu DNA upesi. Iacheni ilipo, ikiwezekana na udongo wake, kisha mpeleke habari kwa idara ya mambo ya kale iliyo karibu nanyi. Hata mfupa wa kuku.